Vyombo vya Pombe katika Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Historia ya watu haikai katika vitabu na makaburi ya wakuu peke yake. Sehemu yake kubwa hukaa jikoni, darini na uvunguni mwa kitanda, katika vyombo ambavyo watu walivishika kila siku bila ya kudhani kuwa iko siku vitaulizwa habari. Insha hii yahusu vyombo vya namna moja: mitungi, vibuyu, kata na vikombe vya kusukwa vilivyotumika kwa pombe katika nchi ya Unyamwezi, hasa upande wa mashariki ya Tabora, ziliko Tura, Goweko na Kigwa. Nataka kuonyesha kwamba kukusanya vyombo hivyo ni kazi njema, lakini chombo kilichokusanywa bila ya habari zake ni nusu ya chombo, na pengine ni pungufu ya nusu. Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine tu. Kosa hili mimi mwenyewe nimelitenda.

Yamkini msomaji mmoja atauliza kwa nini mwalimu wa lugha ajishughulishe na vyombo vya ulevi, hali Tabora ni mji wa misikiti na makanisa, na wengi wa wenyeji wake hawaonji pombe. Swali hili ni la haki. Jawabu lake ni kwamba mwenye kuchunguza chombo hakulazimishwa kusifu kilichokuwa ndani yake. Pombe imevunja nyumba nyingi, na hilo halifichiki. Walakini pombe hiyohiyo ilikuwa ujira wa kazi, sadaka ya mizimu, heshima ya mgeni na muhuri wa mapatano. Mtu atakaye kujua jinsi wazee wetu walivyolima, walivyooana na walivyozikana, hawezi kuupita mtungi kama kwamba hakuuona.

Na tuanze na vyombo vyenyewe. Pombe ya Unyamwezi ilikuwa ya nafaka, mtama na uwele zaidi, na baadaye mahindi. Nafaka hulowekwa mpaka ichipue, huanikwa ikawa kimea, husagwa, hupikwa, kisha huachwa ichachuke kwa siku kadhaa. Kila hatua ina chombo chake. Kuloweka na kupika kwataka vyungu vikubwa vya udongo, kazi ya mfinyanzi. Kuchachusha kwataka mtungi wa tumbo pana ushikao joto. Kuchuja kwataka chujio la kusuka. Kuchukua njiani kwataka dundu, yaani kibuyu kikubwa, kwa sababu ni chepesi na hakivunjiki upesi kama udongo. Kunywa kwataka kata, au kibuyu kidogo kilichokatwa mdomo, au kikombe kilichosukwa kwa nyasi au nyuzi za gome. Kikombe hiki humshangaza asiyekijua, kwa kuwa hudhani kikapu hakiwezi kushika maji. Lakini kisukwapo kwa kukazwa sana, nyuzi zake huvimba zikilowa, matundu yakazibika. Hivyo mtungi mmoja wa pombe ulikutanisha kazi za watu wanne au watano: mkulima, mfinyanzi, msusi, mpishi na aliyepanda mmumunye kando ya nyumba yake.

Sasa tutazame mahali. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara ulipanda Usagara, ukavuka Ugogo, kisha ukaingia katika nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, maana yake shamba kali. Maji yalikuwa haba na vijiji havikuwapo kwa siku nyingi za mwendo. Baada ya nyika hiyo mji wa kwanza wa Unyamwezi ulikuwa Tura. Mbele yake palikuwa na Rubuga, kisha Kigwa, kisha Unyanyembe, ambako Waarabu walikuwa na makao ya biashara yaliyoitwa Kazeh, ndiyo Tabora. Goweko imo katika ukanda huuhuu. Kwa mpagazi aliyechukua pembe au mafurushi ya nguo kichwani au begani, nchi hii ilikuwa mwisho wa kiu. Mnyamwezi akifika Tura alikuwa amefika kwao, na makaribisho ya kwao hayakuwa maji matupu.

Richard Burton alitoka pwani mwezi wa Juni 1857 pamoja na John Speke, akawasili Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860 aliandika mengi juu ya Wanyamwezi: nyumba zao, kilimo chao, na ile nyumba ya baraza iitwayo iwanza, ambamo wanaume walikutana kuzungumza na kunywa. Alivitaja vyombo vyao pia, na vile vya kusukwa. Macho yake yalikuwa makali, lakini moyo wake ulikuwa na dharau nyingi kwa watu aliowaandika. Twapata kwake umbo la chombo. Jina la aliyekifanya hatulipati.

Miaka kumi na minne baadaye alipita Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone. Alifika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871. Rubuga, ambayo Burton aliiona ina watu na chakula tele, Stanley aliikuta imekuwa magofu. Sababu yake ilikuwa vita baina ya Waarabu wa Tabora na Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kitini akapigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865. Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo Shiza, mkuu wa mji alimletea Stanley mtungi wa pombe wa galoni zipatazo tano. Mgeni akaonja kidogo, hakuipenda, akawapa askari na wapagazi wake, nao wakaifurahia. Habari hii imo katika kitabu chake cha mwaka 1872.

Tuisome habari hiyo kwa makini. Stanley ametuambia kipimo cha pombe, rangi yake na ladha yake kinywani mwake. Lakini mtungi wenyewe ulitoka wapi? Nchi ile ilikuwa imechomwa moto si zamani. Katika vita chungu huvunjika kwanza, na mfinyanzi hukimbia pamoja na wengine. Ikiwa mji wa Shiza ulikuwa na mtungi mkubwa wa kumpa mgeni, basi ama mtungi huo ulinusurika, ama mfinyanzi alikuwa amerudi na kuanza upya. Jambo hilo lingalitufundisha mengi juu ya jinsi watu walivyosimama tena baada ya vita. Msafiri hakuuliza, na pombe ilipokwisha, mtungi ulitoka katika historia.

Msomaji asidhani kwamba pombe hii ilikuwa ya wageni na wakuu tu. Kazi yake kubwa ilikuwa shambani. Mtu mwenye shamba kubwa aliwaita majirani waje kumlimia, naye akawapikia pombe. Waliolima walikunywa, na siku nyingine kazi ikahamia kwa mwingine. Kwa njia hii mjane au mzee asiye na nguvu aliweza kulimiwa, maadamu alikuwa na nafaka ya kutosha mtungi mmoja. Kadhalika pombe ilimwagwa katika matambiko, ikapelekwa kwa mtemi, ikanywewa harusini na matangani. Wapagazi waliporudi kutoka pwani walileta merikani, kaniki, nyuzi za shaba na shanga. Shanga hizo hazikuishia shingoni mwa wanawake. Nyingine zilishonwa juu ya vibuyu. Hivyo kibuyu kimoja chaweza kuwa na tunda la Unyamwezi, nta ya nyuki wa Unyamwezi, na shanga iliyotengenezwa Ulaya. Biashara nzima ya karne ya 19 yaweza kutoshea katika kiganja cha mkono.

Zikafuata zama za Wajerumani. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera yao Tabora. Mwezi wa Januari 1893 ngome ya Mtemi Isike ilitekwa, naye akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kutiwa mikononi mwa adui. Tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imekata shauri kwamba vitu vikusanywavyo na safari zilizogharimiwa na dola vipelekwe kwanza katika makumbusho ya Berlin. Maofisa, waganga na wamisionari wakakusanya. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilitekwa vitani, na mara nyingi haijulikani kipi kilipatikana kwa njia ipi. Felix von Luschan wa makumbusho hayo aliandika hata mwongozo wa maswali kwa wakusanyaji. Lakini katika orodha za namna hiyo aghalabu jina lililohifadhiwa ni la Mzungu aliyeleta. Jina la mwanamke aliyefinyanga halikuandikwa. Mahali pake pameandikwa kabila. Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Hapa hata kigae chenye jina lake hakuachiwa.

Haki yataka tuseme kwamba si wote walikuwa hivyo. Mmisionari Wilhelm Blohm, aliyekaa Unyamwezi, alitoa vitabu juu ya Wanyamwezi mwaka 1931 na 1933, na ndani yake aliweka maneno ya wenyeji wenyewe kwa Kinyamwezi. Alisikiliza kabla ya kuandika. Kwa ajili hiyo vitabu vyake vina faida mpaka leo, ingawa viliandikwa kwa Kijerumani na wajukuu wa wasemaji hawawezi kuvisoma kwa urahisi.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia yake imepita Malongwe, Nyahua, Goweko na Igalula. Pamoja na reli zilikuja sufuria, chupa za kioo, vikombe vya bati, na zaidi ya vyote debe la mafuta ya taa. Debe halivunjiki, lina mkono mwepesi wa kuchukulika, na kipimo chake ni kimoja kila mahali. Likawa chombo cha pombe, na mtungi ukaanza kurudi nyuma. Baadaye ikaja plastiki, ikakifuata kibuyu hata jikoni. Hapana aliyeamuru mabadiliko haya. Mama aliyebeba maji na pombe miaka yote hana kosa kuchagua chombo kisichomlemea.

Yafaa sasa tutazame mbali kidogo, ili tujione vizuri. Katika nchi ya Japani watu hunywa sake, pombe ya mchele. Sisi huotesha nafaka ikawa kimea. Wao huotesha juu ya mchele ukungu maalumu uitwao koji. Vyombo vyao vya kale ni chupa ya udongo yenye shingo nyembamba, iitwayo tokkuri, na vikombe vidogo viitwavyo choko. Wako watu wengi, Japani na kwingineko, ambao hutumia maisha yao kukusanya vyombo hivi, na si vile vya watawala tu. Zamani wauza sake walikuwa wakiwaazima wateja tokkuri kubwa zilizoandikwa jina au alama ya duka. Mteja alikunywa nyumbani kwake, akarudisha chupa ijazwe tena. Ilikuwa chupa ya watu wa kawaida, na chupa za kioo ziliiondoa sokoni kama vile debe lilivyouondoa mtungi. Lakini mkusanyaji wa leo akiiokota husoma ubavuni mwake jina la duka, na pengine la mji. Vyombo vya thamani huwekwa katika masanduku ya mbao yenye maandishi ya jina la chombo na la mfinyanzi. Na chombo kikipasuka, wako mafundi wanaokiunga kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, ufa ukaonekana wazi wala usifichwe.

Mwaka 1925 Yanagi Soetsu na rafiki zake wafinyanzi, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, waliunda neno mingei, yaani sanaa za watu wa kawaida, na mwaka 1936 ikafunguliwa Tokyo nyumba ya kuhifadhi sanaa hizo. Yanagi alipenda kazi za mafundi wasiojulikana majina, na alitaka watu wauone uzuri wa vitu vya kila siku. Katika hili la pili namkubali kabisa. Katika la kwanza nina shaka, kwa upande wetu. Mjapani aweza kusifu fundi asiye na jina, kwa sababu anayo masanduku mengi yenye majina. Sisi ambao majina yetu yameachwa njiani hatuwezi kuufanya usahaulifu huo kuwa sifa.

Nimefika mahali pa kukiri. Mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi, nilikwenda Goweko kukusanya misamiati ya ukulima. Bibi mmoja mzee alinipa bakuli la kibuyu, jeusi kwa moshi, lenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa gome na kuzibwa kwa nta. Nilishukuru, nikalifunga ndani ya shati, nikapanda treni. Tangu hapo lilikaa juu ya rafu ya vitabu vyangu. Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha, nikimwambia kwamba ni chombo cha kunywea pombe cha Wanyamwezi. Nilipojifunza habari za Japani nikazidi kujivuna, nikisema kwamba sisi nasi tunao ufundi wa kuunga ufa. Siku moja mwanafunzi wangu alilitazama sana akaniuliza, “Mwalimu, lilikuwa la nani?” Nikafungua kinywa, nikaona sina la kusema. Mimi niliyekuwa nikiwasuta maofisa wa Kijerumani darasani, sikuwa nimeandika hata jina la mwenye chombo.

Nilirudi Goweko nikiwa nalo mkobani. Yule bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilipelekwa kwa wifi yake, mzee sana lakini mwenye kumbukumbu njema. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu.” Nikampa bakuli. Hakulitazama kwanza, alilipapasa, akaingiza kidole ndani, akasimamisha kidole juu ya mstari mwembamba uliochanjwa kuzunguka. Mstari huo mimi nilidhani ni pambo.

“Hili halikunywewa,” akasema. “Hili lilikuwa la kupimia.”

Akanieleza kwamba watu walipokuja kulima, wifi yake aligawa pombe kwa bakuli hilo mpaka penye mstari, kila mtu sawa na mwenziwe, ili asitokee wa kusema amepunjwa. Waliokuwa hawanywi pombe walipimiwa togwa kwa bakuli lilelile. Basi chombo nilichokionyesha miaka yote kuwa cha kunywea kilikuwa mizani ya haki. Nikamwuliza juu ya ufa. Akacheka kidogo. Lilipasuka, alisema, siku walipohamishwa kupelekwa katika kijiji kipya, vyombo vyote vikiwa vimerundikwa pamoja. Mwaka ule hawakuwa wamepanda mimumunye, kwa maana hawakujua watakuwa wapi wakati wa kuvuna. Kwa hiyo wifi yake akalishona.

Twajua kutoka vitabuni kwamba mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri ya watu wote wa mashambani kukaa katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na kwamba hamahama hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijiji, iliwagusa mamilioni. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na nimeifundisha. Lakini hapana kitabu kilichoniambia kwamba mtu asiyejua atakuwa wapi hapandi mmumunye. Hilo nimelisoma katika mshono wa bakuli, baada ya kusomewa na mwenye kujua.

Nilitaka kumwachia chombo chake. Akakataa, akasema nyumbani kwake wajukuu watakitupa, lakini nisikionyeshe tena bila ya kumtaja wifi yake. Jina hilo sasa nimeliandika katika karatasi ikaayo ndani ya bakuli, pamoja na jina la msimulizi na siku aliyosimulia. Silitaji hapa, kwa kuwa aliruhusu liandikwe kwa ajili ya chombo, wala hakuruhusu litangazwe.

Nchi yetu ina sheria na nyumba za kuhifadhi vitu vya kale. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, Kijiji cha Makumbusho kikafuata katika miaka ya 1960, na kule Bujora karibu na Mwanza Wasukuma wanayo makumbusho yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalio ya kale kitu kilichofanywa na mtu kabla ya mwaka 1863. Sheria hiyo yafaa jiwe na chuma. Kibuyu, chenye kuliwa na mchwa na kukaushwa na jua, ni nadra kuishi miaka yote hiyo. Ulinzi wake hauwezi kungoja uzee. Hauna budi kuanza siku kinapotoka mkononi mwa mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu, wanaokwenda vijijini wakati wa likizo na kurudi na zawadi, waulize maswali matano kabla ya kufunga mzigo. Nani alikifanya? Nani alikitumia? Kwa kazi gani hasa? Kimepatwa na nini? Na nani anayeyasema haya? Majibu yaandikwe siku ileile, kwa lugha ya msemaji ikiwezekana, na karatasi isitengane na chombo. Kazi hii haitaki fedha wala shahada. Yataka saa moja ya kukaa chini na kusikiliza.

Wifi wa marehemu alikuwa na zaidi ya miaka themanini nilipozungumza naye. Kati ya safari yangu ya kwanza na ile ya pili ilipita miaka zaidi ya ishirini, na katika muda huo mwenye bakuli alikuwa hai kwa miaka mingi, akiwa mwendo wa treni moja kutoka Tabora. Ningaliweza kumwuliza wakati wowote. Mstari ulikuwamo ndani ya bakuli siku zote, na mimi nililipangusa vumbi kila wiki.